Ernst Wynder

Ernst Ludwig Wynder (Herford, Ujerumani, 30 Aprili 1922 – New York, Marekani, 14 Julai 1999) alikuwa daktari na mtafiti wa saratani kutoka Marekani mwenye asili ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa utafiti alioutoa mwaka 1950 pamoja na mwalimu wake Evarts Graham, ambao ulikuwa kati ya tafiti kubwa za kwanza kuonyesha uhusiano wa uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu.

Jambo la pili alilolifanya halijulikani sana nje ya duru za wataalamu, lakini ndilo linalobishaniwa hadi leo. Baada ya kuonyesha kwamba sigara inaua, Wynder alitumia miaka mingi kutafuta sigara yenye madhara madogo zaidi kwa ajili ya watu walioshindwa kuacha. Safari hiyo haikufika alikotarajia. Madaktari wa sasa wanapojadili kama sigara za kielektroniki ziruhusiwe ili kupunguza madhara ya tumbaku, kisa chake hutajwa na pande zote mbili.

Utoto na kuhamia Marekani

Wynder alizaliwa katika familia ya Kiyahudi huko Herford, mji wa Westfalia magharibi mwa Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 10 wakati Adolf Hitler alipotwaa madaraka. Mwaka 1938 familia ilifaulu kukimbilia Marekani ikaanza maisha mapya katika jimbo la New Jersey.

Kijana huyo alisoma katika Chuo Kikuu cha New York na kumaliza shahada ya kwanza mwaka 1943. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumika katika jeshi la Marekani, katika kikosi cha vita vya kisaikolojia. Kwa kuwa Kijerumani kilikuwa lugha yake ya mama, alipewa kazi ya kusikiliza matangazo ya habari ya redio za Ujerumani. Baada ya vita aliingia shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Msomaji asichanganye chuo hicho na mji mkuu wa Marekani wala na jimbo la Washington. Viko mbali sana.

Swali lililoanzia kwenye maiti

Mwaka 1948, akiwa bado mwanafunzi, Wynder alikwenda New York wakati wa likizo na huko alishuhudia uchunguzi wa maiti ya mwanamume aliyekufa kwa saratani ya mapafu. Mapafu yake yalikuwa meusi. Wynder alitazama faili la marehemu akaona kwamba hakuna aliyeandika kama alikuwa mvutaji. Alimwuliza mjane, akaambiwa kwamba mumewe alivuta pakiti mbili za sigara kila siku kwa miaka mingi.

Siku hizi daktari yeyote huuliza habari za sigara katika dakika za kwanza za mazungumzo na mgonjwa. Wakati ule haikuwa hivyo. Saratani ya mapafu, iliyokuwa ugonjwa adimu mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa imeongezeka kwa kasi ya kutisha, na wataalamu walitaja visababishi vingi: lami ya barabarani, moshi wa magari, vumbi la viwandani, hata athari za homa kuu ya mafua ya mwaka 1918. Sigara nayo ilitajwa, lakini kama moja tu kati ya nyingi. Ni kweli kwamba huko Ujerumani Franz Hermann Müller alikuwa ameshaandika mwaka 1939 kuhusu wavutaji na saratani ya mapafu, lakini vita viliifanya kazi hiyo isisomwe sana kwingineko.

Wynder aliporudi St. Louis alikwenda kumwomba Evarts Graham ruhusa ya kuwahoji wagonjwa wake. Graham alikuwa mmoja wa wapasuaji maarufu wa kifua duniani. Mwaka 1933 alikuwa amemtoa mgonjwa wa saratani pafu zima kwa mkupuo mmoja na mgonjwa akapona, jambo ambalo halijawahi kufanikiwa kabla yake. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na hakuamini nadharia ya mwanafunzi wake. Alimwambia kwamba uhusiano wa namna hiyo ungeweza kuonekana pia kati ya saratani na mauzo ya soksi za nailoni, kwa kuwa vyote viwili viliongezeka katika miaka ileile. Hata hivyo alimruhusu aanze. Huenda alifikiri kwamba takwimu zenyewe zingelimaliza suala hilo.

Utafiti wa mwaka 1950

Mwaka 1949 Wynder aliwasilisha matokeo ya awali kwenye mkutano wa wataalamu wa saratani mjini Memphis. Yalipokelewa kwa ubaridi. Lakini mahojiano yaliendelea katika hospitali mbalimbali za Marekani, na tarehe 27 Mei 1950 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani likachapisha makala ya Wynder na Graham kuhusu wagonjwa 684 waliothibitishwa kuwa na saratani ya mapafu.

Kati ya wanaume 605 waliochambuliwa kwa karibu, asilimia 96.5 walikuwa wamevuta sigara kwa kiwango cha wastani au zaidi kwa miaka mingi. Kwa wagonjwa wa kiume wa kawaida waliokuwa hospitalini bila saratani hiyo, kiwango hicho kilikuwa asilimia 73.7. Tarakimu hii ya pili inastahili kuangaliwa kwa makini, maana inaeleza kwa nini jambo hilo lilichelewa kutambuliwa. Wanaume watatu kati ya wanne walikuwa wavutaji. Katika nchi ambayo karibu kila mtu anavuta, uvutaji hauonekani kuwa kitu cha pekee, sawa na kunywa chai.

Katika uchambuzi huo waandishi waliiweka kando aina moja ya saratani ya mapafu iitwayo adenokasinoma, kwa sababu ilikuwa adimu na uhusiano wake na sigara haukuwa wazi. Aina hiyo itarudi katika habari hii baadaye.

Mwezi Septemba mwaka huohuo Richard Doll na Austin Bradford Hill walitoa nchini Uingereza utafiti wao kuhusu wagonjwa wa hospitali za London, wakiwa wamefanya kazi peke yao na kufikia jibu lilelile. Wynder alikuwa na umri wa miaka 28, na alikuwa ndiyo kwanza amepata shahada yake ya udaktari.

Kwa upande wa Graham, takwimu zilimbadilisha. Aliacha sigara katika miaka ya mwanzo ya 1950, baada ya kuvuta kwa miaka mingi. Alikuwa amechelewa. Aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, tena ya aina iliyokwisha kuenea na isiyofaa kupasuliwa, akafa tarehe 4 Machi 1957. Yule mgonjwa aliyemtoa pafu mwaka 1933 alikuwa bado hai.

Panya na lami ya sigara

Wynder alihamia New York, kwenye taasisi ya saratani ya Sloan-Kettering. Wapinzani wa utafiti wa 1950 walikuwa wakidai kwamba takwimu za mahojiano peke yake hazithibitishi chochote. Basi Wynder, Graham na Adele Croninger walitengeneza mashine ya kuvuta sigara, wakakusanya lami inayobaki kwenye moshi, wakaiyeyusha kwa asetoni na kuwapaka panya migongoni mara kwa mara, baada ya kuwanyoa manyoya. Matokeo yalichapishwa mwezi Desemba 1953: asilimia 44 ya panya waliopakwa walipata saratani ya ngozi.

Hapa neno lami halina maana ya lami inayomwagwa barabarani. Ni jina la mchanganyiko mzito wa rangi ya kahawia wenye maelfu ya kemikali, unaotokea tumbaku inapoungua. Nikotini ni kitu kingine. Nikotini imo ndani ya jani lenyewe, nayo ndiyo inayomfanya mvutaji awe mtumwa wa sigara, lakini sehemu kubwa ya vitu vinavyoleta saratani hutoka kwenye kuungua. Tofauti hii ndogo ndiyo msingi wa mjadala wote uliofuata.

Habari za panya zilienea katika magazeti, na bei za hisa za makampuni ya tumbaku zikashuka. Mwezi huohuo wa Desemba wakuu wa makampuni hayo walikutana katika Hoteli ya Plaza mjini New York. Tarehe 4 Januari 1954 walitoa tangazo la kulipiwa katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani wakidai kwamba ushahidi haujakamilika na kuahidi kugharimia utafiti wao wenyewe. Mkakati huo wa kupanda mashaka uliendelea kwa zaidi ya miaka 40.

Sigara yenye madhara madogo

Wynder alipoulizwa mtu afanye nini, jibu lake la kwanza lilikuwa kutovuta kabisa. Lakini aliona kwamba mamilioni ya watu hawataacha. Alikuwa amewahoji wavutaji wengi kuliko karibu mtafiti yeyote wa wakati wake, na alifahamu jinsi walivyojaribu na kushindwa. Hoja yake ilikuwa rahisi: ikiwa panya waliopakwa lami nyingi hupata saratani zaidi kuliko waliopakwa kidogo, basi sigara yenye lami kidogo itaua watu wachache zaidi. Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioitwa kutoa maelezo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza matangazo ya sigara zenye filta.

Biashara ya filta ilikuwa imeshaanza. Mwaka 1950 sigara zenye filta hazikufika hata asilimia 1 ya mauzo ya Marekani. Kufikia mwaka 1960 zilikuwa karibu nusu. Si kila filta ilikuwa ya maana. Sigara ya Kent, iliyotangazwa tangu 1952 kuwa kinga bora ya afya, hadi mwaka 1956 ilikuwa na filta iliyotengenezwa kwa asbesto, na asbesto yenyewe ni kisababishi cha saratani.

Katika kazi hii mwenzake mkubwa alikuwa Dietrich Hoffmann, mkemia mzaliwa wa Ujerumani. Kwa pamoja walichambua moshi kemikali moja baada ya nyingine, wakapima jinsi aina ya jani, karatasi, filta na namna ya kukausha tumbaku vinavyobadilisha moshi. Mwaka 1967 walitoa kitabu kikubwa kuhusu tumbaku na moshi wake, ambacho watafiti walikitumia kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1968 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa na kikundi cha kazi cha kutafuta sigara isiyo na hatari kubwa, ambamo Wynder na wanasayansi wengine walikaa meza moja na wawakilishi wa viwanda. Kikundi hicho kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kwa vipimo vya mashine, mafanikio yalikuwa makubwa. Katikati ya miaka ya 1950 sigara ya wastani ya Marekani ilitoa takriban miligramu 38 za lami. Katika miaka ya 1990 ilitoa takriban 12. Nikotini nayo ilishuka, kutoka karibu miligramu 2.7 hadi karibu 0.9.

Kwa nini hesabu haikutoka

Tatizo ni kwamba mashine haina uraibu. Mashine ilivuta kila sigara kwa namna ileile: pumzi moja kila dakika, kwa kiasi kilekile. Mtu havuti hivyo. Mwili uliozoea kiwango fulani cha nikotini hukidai. Akipewa sigara hafifu, mvutaji huvuta kwa nguvu zaidi, hushikilia moshi ndani kwa muda mrefu, huongeza idadi ya pumzi au ya sigara, na mara nyingi bila kujua huziba kwa vidole au midomo vile vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye filta ili kuingiza hewa. Wataalamu huita tabia hii kufidia. Mwishowe mtu hupata nikotini yake, na pamoja nayo lami karibu ileile.

Moshi unaovutwa kwa nguvu hufika pia sehemu za ndani zaidi za mapafu. Hapa ndipo adenokasinoma inaporudi. Ile saratani iliyowekwa kando mwaka 1950 kwa sababu ya uchache wake iliongezeka mwaka hadi mwaka, kwani ndiyo inayoota zaidi kwenye vijia vidogo vya pembeni mwa pafu. Wynder na Hoffmann hawakulificha jambo hilo. Katika miaka ya 1990 wao wenyewe waliandika kwamba kuenea kwa sigara za filta na lami kidogo kulikuwa sehemu ya maelezo ya mabadiliko hayo, pamoja na kuongezeka kwa nitrosamini katika moshi, kundi la sumu ambalo maabara yao wenyewe ilikuwa imelichunguza tangu miaka ya 1970. Mtafiti kuandika dhidi ya matumaini yake mwenyewe si jambo la kila siku.

Lakini gharama ilikuwa imeshalipwa na wengine. Makampuni yaliziita sigara hizo nyepesi na laini, na mamilioni ya wavutaji waliokuwa wakifikiria kuacha walihamia kwazo wakiamini wamefanya jambo la busara kwa afya yao. Mwaka 2001, miaka miwili baada ya kifo cha Wynder, Taasisi ya Taifa ya Saratani ilitoa ripoti ikisema kwamba mabadiliko ya sigara kwa miaka 50 hayakuleta faida inayoonekana kwa afya ya umma. Baadaye maneno hayo ya mauzo yalipigwa marufuku katika nchi nyingi.

Taasisi yake na fedha za tumbaku

Mwaka 1969 Wynder aliondoka Sloan-Kettering akaanzisha taasisi yake, American Health Foundation, yenye maabara huko Valhalla karibu na New York. Lengo lake lilikuwa kuzuia magonjwa kuliko kungoja kuyatibu. Mwaka 1972 alianzisha jarida la kitaalamu kuhusu tiba ya kinga. Taasisi ilifundisha pia elimu ya afya shuleni, ambapo watoto walipimwa shinikizo la damu na lehemu na kuelezwa maana ya vipimo vyao. Wynder alipenda kusema kwamba watu wanapaswa kufa wakiwa bado na ujana mwilini, ila wachelewe sana kufa.

Taasisi hiyo ilipokea fedha za serikali, za wafadhili mbalimbali, na pia za makampuni ya tumbaku, hasa Philip Morris. Nyaraka za ndani za makampuni zilipofunguliwa kutokana na kesi za miaka ya 1990, Simon Chapman wa Australia na mwenzake walizipekua na mwaka 2003 wakachapisha makala kuhusu jinsi Philip Morris ilivyomfuatilia Wynder kwa miaka 40. Picha iliyojitokeza si ya mtu aliyenunuliwa, kwa kuwa hakuacha kamwe kusema kwamba sigara husababisha saratani. Lakini kampuni ilifaidika. Ilikuwa na haja ya kuonekana ikishirikiana na mtu mwenye jina kama lake, na kila alipozungumzia sigara bora zaidi, maneno yake yalisaidia kuonyesha kwamba tatizo linaweza kumalizwa na wahandisi wa kiwanda bila mtu kuacha kuvuta. Wynder aliamini kwamba haiwezekani kubadilisha bidhaa bila kuzungumza na anayeitengeneza. Hoja hiyo ina mantiki yake. Alichokosea ni kuwapima wenzake wa mazungumzo.

Kazi nyingine

Wynder hakushughulika na sigara peke yake. Katika miaka ya 1950 alionyesha mchango wa pombe katika saratani ya kinywa, na baadaye alichunguza uhusiano wa vyakula vyenye mafuta mengi na saratani ya utumbo mpana na ya matiti. Baadhi ya mawazo yake kuhusu mafuta hayakuthibitishwa na tafiti za baadaye kwa kiwango alichotarajia.

Utafiti mmoja unaopendeza ni ule wa mwaka 1959 kuhusu Wasabato wa Marekani. Wynder na wenzake waliwachagua kwa sababu imani yao inakataza tumbaku na pombe, hivyo wakawa kama jaribio lililokwisha kuandaliwa bila mtafiti kufanya lolote. Saratani ya mapafu ilikuwa adimu mno miongoni mwao, ingawa walivuta hewa ya miji ileile na moshi wa magari yaleyale kama majirani zao. Dai kwamba uchafuzi wa hewa ndio kisababishi kikuu lilipata pigo kubwa.

Kifo

Wynder alikufa mjini New York tarehe 14 Julai 1999 kwa saratani ya tezi ya shingo, akiwa na umri wa miaka 77. Taasisi yake ilibadilishwa jina baadaye, ikapata matatizo makubwa ya matumizi ya fedha za ruzuku, na mwaka 2004 ikafungwa.

Nafasi yake katika mjadala wa sigara za kielektroniki

Mwaka 1976 Michael Russell, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi London, alikuwa amependekeza kugeuza mpango wa akina Wynder. Kosa, kwa maoni yake, lilikuwa kupunguza lami na nikotini kwa pamoja. Mvutaji hutafuta nikotini lakini huuawa na lami. Basi aachiwe nikotini, na lami ndiyo ipunguzwe. Wazo hilo lilitiliwa nguvu na dawa kama chingamu na bandiko la ngozi lenye nikotini, na lilipata sura mpya mwaka 2003 wakati mfamasia wa China Hon Lik alipobuni sigara ya kielektroniki, ambayo hupasha moto kimiminika chenye nikotini hadi kiwe mvuke bila kuchoma tumbaku yoyote.

Wanaounga mkono kifaa hicho husema kwamba hiki ndicho Wynder alichokitafuta bila kukipata. Kwa kuwa hakuna kuungua, hakuna lami, na kwa kuwa nikotini ipo, hakuna sababu ya kufidia. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilitoa makadirio kwamba madhara yake ni pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko ya sigara, ingawa tarakimu hiyo ilishambuliwa kwa kutegemea maoni ya wataalamu wachache. Ushahidi wenye uzito zaidi ulitolewa mwaka 2019 na Peter Hajek na wenzake, waliowagawa kwa bahati nasibu wavutaji 886 wa Uingereza waliotaka kuacha. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18.0 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa hawavuti tena sigara za kawaida, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa dawa za nikotini. Lakini kati ya hao waliofaulu kwa njia ya sigara za kielektroniki, 80 kwa 100 walikuwa bado wanazitumia. Wameacha moshi, hawajaacha nikotini.

Wapinzani nao huelekeza kidole kwenye historia ya filta. Wanakumbusha kwamba mara ya kwanza bidhaa bora ilipoahidiwa, ilichukua karibu nusu karne kugundua kwamba ahadi ni tupu, na kwamba makampuni makubwa ya tumbaku sasa yanauza pia mvuke. Hofu yao kubwa ni vijana. Mwaka 2019 asilimia 27.5 ya wanafunzi wa shule za sekondari za juu Marekani walijibu kwamba wametumia sigara za kielektroniki katika siku 30 zilizopita, na wengi wao hawakuwa wavutaji wanaotafuta njia ya kutoka. Kiwango hicho kimeshuka sana tangu wakati huo. Mwaka huohuo ulizuka ugonjwa wa mapafu ulioua watu 68 nchini Marekani kufikia Februari 2020. Ugonjwa huo ulihusishwa hasa na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika bidhaa za bangi zilizouzwa kwa magendo. Haukutokana na nikotini, lakini katika masikio ya watu wengi mambo hayo mawili yalichanganyika, na baadhi ya wavutaji walirudi kwenye sigara wakidhani ni salama zaidi.

Nchi zimechagua njia tofauti. Uingereza imewahimiza wavutaji wazima kuhamia kwenye mvuke, huku Uganda ikiupiga marufuku katika sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015. Mkataba wa kimataifa wa udhibiti wa tumbaku, uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2003, unataja kupunguza madhara kama sehemu ya maana ya udhibiti wenyewe. Mkataba huohuo unakataza majina ya kudanganya kama sigara nyepesi.

Tofauti moja na nyakati za Wynder ni kwamba leo vipimo havitegemei mashine peke yake. Mkojo na damu ya mtumiaji vinaweza kuchunguzwa ili kuona sumu zilizoingia mwilini kweli, na alama mojawapo inayotafutwa ni mabaki ya nitrosamini zilezile zilizochunguzwa Valhalla. Kwa watu waliohamia kabisa kwenye mvuke, alama hizo huwa chini sana kuliko za wavutaji. Kwa wanaochanganya vyote viwili, hubaki karibu na za wavutaji. Saratani yenyewe huchukua miaka 20 au zaidi kujitokeza.